Chumba cha Tobia: Mazungumzo Kuhusu Sadaka na Hesabu Zake

Hata wewe ambaye si wa kanisa lolote, ila redio ya jirani imefunguliwa kwa sauti kubwa na huna pa kukimbilia, karibu usikilize.

Leo nataka tuzungumze habari ya fedha za kanisa. Naam, fedha. Najua kuna ambaye mkono umeshafika kwenye kitufe cha kuzimia. Tulia kwanza, sikuja kuomba mchango. Leo hakuna namba ya kutumia pesa itakayosomwa mwisho wa kipindi.

Naanza na swali. Mara ya mwisho uliposikia mahubiri ya fungu la kumi, au zaka kama wengine tunavyoiita, Biblia ilifunguliwa wapi? Nadhani ni Malaki, sura ya 3. Kule ambako Mungu anawauliza Israeli habari ya kumwibia, kisha anawaagiza walete zaka kamili ghalani, na kuwaahidi baraka. Mahubiri hayo tunayajua. Wengine tunaweza kuyamalizia mhubiri akikohoa.

Sina ugomvi na Malaki. Mkristo atoe, tena atoe kwa furaha, na asiyetoa kabisa ana la kujiuliza. Ninachosema ni kwamba Malaki ametufikisha mlangoni pa ghala, na sisi tumezoea kuishia pale pale mlangoni. Ndani ya ghala kuna nini? Nani anashika ufunguo? Nani anaandika kilichoingia na kilichotoka? Kwa maswali hayo inabidi tufungue kitabu kingine, na kitabu hicho hakihubiriwi mara nyingi siku za mavuno. Nehemia, sura ya 13. Ukiwa na kalamu, andika: Nehemia 13. Nitaitaja tena.

Tukumbushane kwanza Nehemia ni nani. Huyu alikuwa mnyweshaji wa mfalme Artashasta wa Uajemi, huko Shushani. Akaomba ruhusa, akaenda Yerusalemu kujenga ukuta uliobomoka, akawa liwali wa Yuda kwa miaka 12. Na katika miaka yote hiyo 12, anaeleza mwenyewe katika sura ya 5, hakula posho ya uliwali, kwa kuwa watu walikuwa wameshalemewa na mizigo. Likumbuke hilo. Mtu anayetaka kuwauliza wenzake habari za mali ya Mungu, yafaa kwanza ajulikane yeye mwenyewe anakula wapi.

Sasa, katika sura ya 10 watu waliweka agano kwa maandishi, viongozi wakatia muhuri. Wakaahidi kuleta malimbuko na zaka, na kuitunza nyumba ya Mungu. Kwa mambo yetu ya leo ungesema wamejaza kadi za ahadi kanisa zima. Baadaye Nehemia akarudi kwa mfalme, akakaa huko kwa muda. Aliporejea Yerusalemu, akakuta mambo.

Alikuta nini? Hekaluni palikuwa na chumba kikubwa cha kuwekea nafaka, divai, mafuta, ubani na vyombo. Mle ndimo zilimohifadhiwa zaka za Walawi, za waimbaji na za mabawabu, pamoja na sehemu ya makuhani. Msimamizi wa vyumba hivyo alikuwa kuhani Eliashibu. Eliashibu naye alikuwa na ukaribu na mtu mmoja aitwaye Tobia, Mwamoni, yule yule aliyewadhihaki wajenzi na kutaka ukuta usisimame. Basi kuhani akampa Tobia kile chumba. Ndiyo, msikilizaji, umesikia vizuri. Mtu alihamia na vyombo vyake vya nyumbani ndani ya ghala la Mungu, na aliyemkaribisha ni kuhani mwenyewe.

Mfikirie mkulima wa Yuda anayepanda Yerusalemu na gunia lake la nafaka. Anafika ghalani, anachungulia, anaona vitu vya Tobia vimepangwa. Atafanya nini na gunia lake? Wewe ungefanya nini?

Nehemia anasema jambo lile lilimuuma sana. Akavitupa nje vitu vyote vya Tobia. Akaamuru vyumba vitakaswe, vyombo vya nyumba ya Mungu vikarudishwa mahali pake pamoja na sadaka za unga na ubani. Kisha akagundua jambo la pili. Walawi na waimbaji walikuwa hawajapewa sehemu zao, na kila mmoja amekimbilia shambani kwake. Ibada imekosa watu kwa sababu watumishi wamekwenda kutafuta chakula.

Hapa ndipo naomba masikio yako. Nehemia aligombana na nani? Hakuwakusanya wakulima awaambie kwamba wamelaaniwa. Aligombana na wakuu. Aliwauliza wao kwa nini nyumba ya Mungu imeachwa. Akawarudisha Walawi kwenye nafasi zao. Na mstari unaofuata tu unaeleza kwamba Yuda yote ikaleta zaka ya nafaka, divai na mafuta. Maandiko hayasemi moja kwa moja kwamba watu waliacha kutoa kwa sababu ya Tobia. Lakini utazame mpangilio wa habari: chumba kikasafishwa, wakuu wakakemewa, watumishi wakarudishwa, ndipo watu wakaleta. Sisi tunapenda kuanzia pale mwisho, kwenye kuleta.

Halafu akaweka watunza hazina. Majina yao yameandikwa, na mimi napenda kuyataja maana huwa hayatajwi: Shelemia kuhani, Sadoki mwandishi, Pedaya wa Walawi, na Hanani mwana wa Zakuri wa kuwasaidia. Watu wanne. Kuna kuhani, kuna mtu wa kalamu, kuna Mlawi. Sifa iliyowapa kazi hiyo ni moja, walihesabiwa kuwa waaminifu, na kazi yao ilikuwa kuwagawia ndugu zao. Ghala liliwekewa watu wa kugawa, tena watu wengi, tena wa kada tofauti.

Wataalamu wengi wa Biblia wanamweka Malaki katika karne hiyo hiyo ya Nehemia, karne ya 5 kabla ya Kristo. Ukiwasoma pamoja, wanaelewana. Na ukimsoma Malaki kuanzia mwanzo, utakuta sehemu kubwa ya sura ya 1 na ya 2 anawakemea makuhani, kabla hajamfikia mtoa zaka katika sura ya 3. Sijui kwa nini mahubiri yetu huruka zile mbili za mwanzo. Au pengine najua.

Haya, tutoke Yerusalemu, tuje kwenye viwanja vya makanisa yetu.

Jumapili, ibada imekwisha, watu wametoka nje, na mnada umeanza. Kuna mkungu wa ndizi, kuna kuku amefungwa miguu, kuna mayai, maboga, chupa ya maziwa. Mzee mmoja mwenye sauti na maneno ya kuchekesha ndiye anayeuza. Boga linanunuliwa, mnunuzi analirudisha liuzwe tena kwa utukufu wa Bwana, linauzwa mara ya pili, ya tatu, kila mara kwa bei ya juu. Mtoto ananunua yai kwa sarafu aliyopewa na bibi, watu wanapiga makofi. Mimi naupenda mnada wa kanisani. Unamwezesha asiye na fedha kutoa alichonacho, na mwenye fedha kumwongezea thamani. Ni sadaka yenye kicheko ndani yake.

Lakini hebu tuulizane. Zile fedha zinazopita mkononi mwa yule mzee, nani anaziandika? Yule aliyesema "nitaleta kesho", jina lake limeandikwa wapi? Boga lililouzwa mara tatu limeandikwa mara ngapi? Wahenga walisema, mali bila daftari huisha bila habari. Na hawakusema lazima kuwe na mwizi. Mali inaweza kuisha na wote pale wakawa watu wema, wenye haraka ya kwenda kula.

Hilo nalisisitiza, maana tukizungumza hesabu kanisani watu hudhani tunamtafuta mwizi. Anayehesabu sadaka peke yake chumbani, hata awe mtakatifu namna gani, amewekwa mahali pabaya. Siku ikipungua hana shahidi. Siku maneno yakizuka mtaani hana wa kumtetea. Wenzake wamemwonea kwa kumwacha peke yake.

Biblia inalijua hilo tangu zamani. Fungua Wafalme wa Pili, sura ya 12. Mfalme Yoashi aliwaagiza makuhani wapokee fedha za watu, nao watengeneze nyufa za hekalu. Ikafika mwaka wa 23 wa utawala wake, nyufa bado ziko pale pale. Fedha zilipokewa na nyumba haikutengenezwa. Maandiko hayasemi makuhani waliiba. Yanasema tu kazi haikufanyika. Unaona jinsi habari hii isivyo ngeni? Jengo liko kwenye linta, ahadi zimekusanywa mavuno baada ya mavuno, majani yameota ndani, na hakuna anayeweza kusema kwa hakika fedha zilikwenda wapi.

Yoashi akafanya nini? Akawaita makuhani pamoja na mkuu wao Yehoyada, akawauliza. Kisha utaratibu ukabadilishwa. Yehoyada akachukua sanduku, akatoboa tundu kwenye kifuniko, akaliweka kando ya madhabahu, upande wa kuume mtu anapoingia. Mahali pa wazi. Sanduku likijaa, wanakuja watu wawili, mwandishi wa mfalme na kuhani mkuu, wanahesabu pamoja na kufunga fedha mifukoni. Zinatolewa kwa wasimamizi wa ujenzi, nao wanawalipa maseremala, waashi na wachonga mawe, na kununua mbao na mawe. Fedha ile ya ujenzi haikutumika kutengenezea vikombe vya fedha wala tarumbeta, ingawa vikombe na tarumbeta navyo ni vitu vya ibada. Sadaka ya ujenzi ilikwenda kwenye ujenzi. Na makuhani hawakusahauliwa, walikuwa na fungu lao lililotajwa wazi.

Kuna atakayeniambia: lakini mwalimu, sura hiyo hiyo inasema wale wasimamizi hawakudaiwa hesabu, kwa kuwa walitenda kwa uaminifu. Ni kweli, imeandikwa. Ila soma kilichotangulia. Fedha zilikuwa zimeshahesabiwa na wawili, zimefungwa, zinajulikana ni kiasi gani. Na mwisho wake ukuta unaonekana kwa macho. Uaminifu wao ulikuwa umeshika mawe na mbao. Nionyeshe wasimamizi wa namna hiyo, nami nitapunguza maswali.

Tukija Agano Jipya, yuko mtume Paulo. Paulo alichangisha fedha katika makanisa ya Makedonia, Akaya na Galatia kwa ajili ya watakatifu maskini wa Yerusalemu. Mtu wa namna ile, mwenye mafunuo yale, nani angemtilia shaka? Lakini katika Wakorintho wa Pili, sura ya 8, anaeleza kwamba hatabeba fedha zile peke yake. Anamtuma Tito, na ndugu mwingine aliyechaguliwa na makanisa yenyewe, na wa tatu juu yao. Sababu anaitoa bila kuficha: hataki mtu apate la kuwalaumu juu ya ukarimu ule, na anajali mambo yaonekane mema mbele za Bwana na mbele za wanadamu pia. Mbele za wanadamu pia! Mara ngapi tumesikia mtumishi akisema, "Mimi Mungu ananijua, yatosha"? Kwa Paulo haikutosha.

Sasa nigusie majibu mawili ambayo waumini hupewa wakiuliza hesabu.

Jibu la kwanza: usimguse mtiwa mafuta wa Bwana. Maneno hayo yamo katika Zaburi ya 105, na yanahusu jinsi Mungu alivyowalinda mababu wa Israeli walipokuwa wageni wachache kati ya mataifa. Wafalme wa mataifa ndio walioonywa. Hayahusu kitabu cha mapato na matumizi. Na kama unataka mtiwa mafuta, mwangalie Samweli katika Samweli wa Kwanza, sura ya 12. Mzee wa mvi, anakaribia kung'atuka. Akasimama mbele ya taifa zima akawauliza, ni ng'ombe wa nani nimemtwaa, ni punda wa nani, nimemdhulumu nani, nimepokea rushwa ya nani, semeni nimrudishie. Na unajua alimwita nani awe shahidi? Alimwita Bwana, na masihi wake, yaani Sauli, mfalme aliyetiwa mafuta. Mtiwa mafuta alikuwa pale kama shahidi wa hesabu.

Jibu la pili ndilo hunichekesha: mkono wa kushoto usijue ufanyalo mkono wa kulia. Bwana Yesu alisema hayo, Mathayo 6, akimwambia mtoaji asijitangaze. Hakuwa anamwagiza mhasibu wa usharika.

Msikilizaji, bado uko nami? Tumesema Nehemia 13 inasomwa pamoja na Malaki 3. Tumesema anayehesabu peke yake ameonewa. Tumesema Paulo alijali macho ya wanadamu pia. Sasa twende kwenye jambo linalowashinda hata wenye daftari safi. Nalo ni hili: je, kila fedha inayoletwa ipokewe?

Majirani zetu wa Kenya walilikabili swali hilo mbele ya taifa zima. Jumapili ya tarehe 17 Novemba 2024, Rais William Ruto alisali katika kanisa Katoliki la Soweto, Nairobi, akatoa na kuahidi michango ya zaidi ya shilingi milioni 5 za Kenya, pamoja na ya kwaya na ya ujenzi wa nyumba ya padre. Kesho yake Askofu Mkuu Philip Anyolo wa Nairobi akatangaza kwamba fedha zile zitarudishwa, kanisa lisije likatumika kwa faida ya siasa. Kabla ya hapo, Septemba 2021, Askofu Mkuu Jackson Ole Sapit wa Kanisa la Kianglikana alikuwa amewazuia wanasiasa kuhutubia madhabahuni.

Wengine walisema ni kiburi, fedha ni fedha. Mimi nasema maaskofu hao walikuwa na Ibrahimu upande wao. Katika Mwanzo 14, mfalme wa Sodoma alimwambia achukue mali zote za vita. Ibrahimu, wakati huo bado anaitwa Abramu, akakataa hata uzi na kamba ya kiatu, asije mfalme yule akasema kwamba ndiye aliyemtajirisha. Alijua zawadi ile ina mdomo, siku moja ingesema. Huyo huyo Abramu, katika sura hiyo hiyo, ndiye aliyempa Melkizedeki fungu la kumi. Tunapenda kumnukuu alipotoa. Tumsome na alipokataa.

Naye Daudi alipopewa bure kiwanja cha kupuria cha Arauna ili ajenge madhabahu, alikataa. Alilipa shekeli 50 za fedha, kwa kuwa hakutaka kumtolea Mungu kitu kisichomgharimu. Nafikiria harambee zetu, mgeni rasmi amemwaga mamilioni, wenyeji tumepiga vigelegele, na mifuko yetu wenyewe imebaki imefungwa. Kanisa limepata bati. Sisi tumetoa nini?

Kuna upande mwingine ambao ni lazima niuseme, na hapa sina mzaha. Kuna mahali maskini wanatishwa. Bahasha ina namba, kadi ina miraba ya miezi, na familia ikifiwa, kinachoangaliwa kwanza ni miraba ile. Jeneza liko nyumbani, watu wanatafuta fedha za kulipa malimbikizo ya marehemu ili azikwe kwa ibada. Nasema wazi, hilo silioni katika Injili. Bwana Yesu, katika Marko 7, aliwakemea waliomruhusu mtu kuiita mali yake korbani, yaani imewekwa wakfu kwa Mungu, kisha akaacha kuwasaidia baba na mama yake. Aliukataa utoaji unaompita mzazi mwenye njaa. Na katika Marko 12, kabla tu ya mjane kutumbukiza senti zake mbili, Yesu amewaonya watu juu ya waandishi wanaokula nyumba za wajane. Mistari hiyo inafuatana. Mjane anasifiwa kwa moyo wake, na waliokula nyumba yake wanahukumiwa. Ukihubiri mmoja, hubiri na mwingine. Mwanafunzi anayeishi kwa mlo mmoja, mama anayelea wajukuu yatima, hao kanisa liwatunze. Justino Mfiadini, akieleza katika karne ya 2 jinsi Wakristo wa Rumi walivyosali Jumapili, anasema kilichokusanywa kiliwekwa kwa msimamizi wa ibada ili awasaidie yatima, wajane, wagonjwa, wafungwa na wageni. Na waliotoa ni wenye uwezo, kila mmoja kwa hiari yake.

Pengine utaniuliza, mbona zamani hatukuulizana sana habari hizi? Nadhani sababu moja ni ya kihistoria. Enzi za wamisionari fedha nyingi zilitoka ng'ambo, na taarifa zilirudi ng'ambo. Aliyetoa ndiye aliyeandikiwa. Mwaka 1971 Mchungaji John Gatu, Katibu Mkuu wa Kanisa la Presbiteri la Afrika Mashariki, alisimama Milwaukee, Marekani, akawaomba wamisionari warudi makwao kwa muda, ili kanisa la Afrika lijifunze kusimama. Mwaka 1974 mkutano wa makanisa ya Afrika kule Lusaka ukalibeba wazo hilo, pamoja na suala la fedha za nje. Wapresbiteri wakashika neno Jitegemea. Leo sharika na parokia zetu nyingi zinajiendesha kwa sadaka za waumini wenyewe, jambo la kumshukuru Mungu. Lakini je, na taarifa nayo imegeuza njia? Wafadhili walipelekewa hesabu kwa lugha nzuri, zimepigwa chapa, zimekaguliwa. Yule mama wa benchi la nyuma aliyeleta kuku, yeye anapelekewa nini?

Kwa hiyo, kwa wazee wa kanisa, wahazini na wanakamati mnaonisikia, nina maombi machache, wala si magumu. Sadaka ihesabiwe siku ile ile, pale pale kanisani, na watu wasiopungua wawili ambao si wa nyumba moja, waandike kwa wino na kutia saini. Namba ya kulipia kwa simu iwe ya kanisa, kwa jina la kanisa, isiwe ya mtu. Simu imetusaidia sana, maana inaacha alama, lakini ikiwa laini ni ya mtu binafsi, alama zile anaziona yeye peke yake. Fedha iliyotolewa kwa ujenzi isinunue viti vya wageni bila waumini kuulizwa. Hesabu za mwaka zikaguliwe na mtu asiye kwenye kamati. Na mchungaji alipwe kinachojulikana, kwa wakati. Mtumishi anayeishi kwa kubahatisha bahasha tunamjaribu bure, kisha akianguka tunashangaa. Paulo alilisema hilo kwa Timotheo, mtenda kazi astahili ujira wake.

Nawe muumini, una sehemu yako. Kikao cha mwaka kikitangazwa, hudhuria. Wengi tunaondoka baada ya baraka, hesabu zinasomwa mbele ya viti, halafu mwaka mzima tunanong'ona barazani. Ukiwa na swali, liulize kwenye kikao, kwa heshima, ukianza na shukrani kwa wanaojitolea, maana kazi ya mhazini haina shangwe. Ukijibiwa vizuri, toa zaidi. Usipojibiwa, uliza tena mwaka unaofuata. Usiache kutoa kwa maskini na wagonjwa kwa kisingizio cha hesabu mbovu.

Muda wangu umekwisha, fundi mitambo ananipungia mkono. Wiki ijayo, Mungu akipenda, tutazungumza habari ya mshahara wa mchungaji, na barua zenu nimezipata. Kabla ya Jumapili hii soma Nehemia 13, mistari 14 ya kwanza tu. Halafu ukimwona mhazini wa kanisa lako, msalimie, umshukuru, umwulize sadaka huwa anahesabu na nani.